Tandiko Lililobadilishwa Mara Mbili: Uchambuzi wa Kisa cha Tangi Kubwa la Samaki wa Ziwa Tanganyika

Usuli

Kisa hiki kilitokea Dar es Salaam, kwenye mgahawa ulio ndani ya nyumba ya wageni. Jina la mahali, mtaa na majina ya wahusika nimeyaondoa. Vipimo na mfuatano wa mambo nimeviacha kama vilivyoandikwa kwenye daftari langu la kazi. Niliitwa wiki ya 11 baada ya tangi kujazwa maji, na kati ya makosa mawili makubwa yatakayosimuliwa hapa, moja ni langu.

Tangi ni la kioo. Kwa ndani lina urefu wa sentimita 300, upana 75 na kimo 70. Likijaa hadi ukingoni linachukua lita 1,575. Ukiacha nafasi ya juu, ukatoa na mawe na mchanga, maji yenyewe yanabaki kama lita 1,350. Filta ni tangi dogo lililowekwa chini ndani ya stendi, lina sponji na vipande vya keramiki, na pampu inarudisha maji juu.

Samaki wote ni siklidi wa Ziwa Tanganyika, ndugu wa mbali wa sato na perege, walioletwa kutoka Kigoma. Walikuwa Cyprichromis 25 wanaoogelea juu kwa makundi, Xenotilapia 12 wanaoishi chini, Cyathopharynx furcifer 10, Julidochromis jozi mbili za kwenye mawe, na Neolamprologus multifasciatus 15. Hawa wa mwisho ni wadogo kuliko kidole, na huishi ndani ya magamba matupu ya konokono. Ziwani magamba hayo ni ya konokono aitwaye Neothauma, nayo hulundikana chini kwa wingi, kila gamba likawa nyumba ya samaki.

Ukiisoma orodha hiyo tena utaona kwamba aina tatu kati ya tano zinategemea mchanga kwa jambo fulani la maisha yao: mmoja anauchota kutafuta chakula, mmoja anaujenga, mmoja anafukia nyumba yake ndani yake. Habari hiyo ilikuwepo tangu siku samaki walipoagizwa.

Nitatumia neno tandiko kwa kile kinachofunika kioo cha chini, kiwe mchanga, kokoto au kingine.

Kwa nini yalichaguliwa marumaru

Mwenye tangi, mama mmoja makini sana na biashara yake, alikuwa na picha kichwani. Aliniambia siku ya kwanza: “Fundi, mimi nilitaka mteja akifungua mlango aone weupe, kama ufukwe wa Nungwi.” Fundi aliyenitangulia akamletea chipsi za marumaru, zile zinazotumika kwenye terazo na kupambia bustani, ukubwa wa milimita 10 hadi 15. Zilimwagwa kwa kina cha sentimita 8. Eneo la chini ni mita za mraba 2.25, kwa hiyo zilikwenda lita 180, sawa na ndoo 9 za lita 20.

Sababu zilizotolewa zilikuwa tatu. Kwanza rangi. Pili, chipsi zinaoshwa mara moja tu na hazichafui maji. Tatu, marumaru ni kalsiamu kaboneti, na maji ya Ziwa Tanganyika yana pH (kipimo cha utindikali wa maji, ambapo 7 ni katikati) ya juu, karibu 9, basi mawe hayo yangeipandisha pH na kuishikilia. Sababu hii ya tatu ndiyo iliyowaridhisha wote, kwa kuwa ilikuwa na sauti ya kitaalamu. Nitairudia kwenye uchambuzi.

Wiki 11 za mwanzo

Wiki tatu za kwanza tangi lilipendeza. Picha zilipigwa, wateja walisimama mbele yake. Wiki ya nne mawe yakaanza kushika mwani wa kijani, na kwenye jiwe jeupe kijani hakijifichi. Mtunzaji, kijana aliyekuwa pia anahudumia bustani, akapewa kazi ya kuyatoa mawe ya juu kila Jumatatu na kuyasugua kwa brashi.

Wiki ya sita alianza kusema kwamba akiingiza mkono kati ya mawe unatoka uchafu wa kahawia kama uji. Chakula kilichokuwa kinazama kilipita kwenye nafasi za mawe, kikafika chini kabisa ambako hakuna samaki angeweza kukifikia, kikaoza. Mpira wa kunyonya uchafu uliinua vumbi la juu tu, maana mawe ya ukubwa huo hayazunguki ndani ya mdomo wa mpira kama kokoto ndogo zinavyozunguka.

Wiki ya tisa Xenotilapia wawili walikufa. Hawakuwa na kidonda wala ukungu, walikuwa wamekonda tu. Wiki ya kumi mmoja wa Cyathopharynx alionekana na utando mweupe mdomoni. Ndipo nikapigiwa simu.

Nilipofika nilipima. Nitrati 80 mg kwa lita, amonia 0.25, pH 7.9, joto nyuzi 26. Nitrati na amonia ni alama za taka majini, nazo zilikuwa juu. Maji yalikuwa yanabadilishwa robo kila wiki, kiwango ambacho kwa idadi ile ya samaki kingetosha kabisa. Kwa hiyo palikuwa na kitu ndani ya tangi kinachozalisha taka kuliko samaki wenyewe.

Saa moja na nusu mbele ya kioo

Kabla ya kugusa chochote niliomba kiti. Napenda kusisitiza hatua hii maana ndiyo iliyotoa jibu, si vipimo vya matone.

Xenotilapia hula kwa kuchota. Huinamisha kichwa, huchota mchanga kinywa tele, hutafuna kidogo, kisha mchanga humwagika kupitia kwenye matamvua, nyuma ya mashavu, na vijidudu vidogo na mabaki ya chakula hubaki kinywani. Ni kazi ya ungo. Siku ile nilimwona mmoja akishuka juu ya jiwe, akaligusa kwa mdomo, akarudi nyuma kidogo, akaenda kwenye jiwe la pili, akaligusa, akarudi nyuma. Alifanya hivyo mara 14 bila kufungua kinywa chake sawasawa. Chakula kilipomwagwa, Cyprichromis walikula cha juu, Julidochromis walidaka cha kati, na kilichobaki kikapotea kati ya mawe mbele ya macho ya yule wa chini. Samaki hawa walikuwa wanashinda njaa ndani ya tangi lililojaa chakula kinachooza.

Dume mkubwa wa Cyathopharynx, ambaye kwa asili hung'aa samawati kama mafuta juu ya maji, alikuwa kijivu. Samaki wengi hurekebisha rangi ya ngozi zao kufuatana na mwanga wa mahali walipo, na tandiko jeupe lenye taa kali juu yake huwafanya wapauke. Zaidi ya hapo, dume huyu hujenga shimo la mviringo kwenye mchanga ili kumvutia jike. Alikuwa anajaribu. Alibana chipsi moja kwa midomo, akaivuta sentimita mbili tatu, ikamponyoka. Utando ule wa mdomoni ulianzia hapo, kwenye mikwaruzo.

Multifasciatus nao walikuwa wameachiwa magamba yakiwa juu ya mawe kama vikombe mezani. Desturi yao ni kuchimba mchanga chini ya gamba hadi lizame na kubaki mlango tu. Hapa walichimba nini?

Kijana mtunzaji, aliyekuwa amesimama nyuma yangu muda wote, akawaonyesha Xenotilapia kwa kidole, akasema kwa upole: “Shikamoo fundi, samahani kuingilia. Mimi nimekulia ziwani kule. Hawa wenye macho makubwa, ukizamia, unawakuta mchangani tu. Sijawahi kuwaona kwenye kokoto.” Nilimuuliza kama alishamwambia mtu yeyote. Alijibu kwamba hakuulizwa.

Uamuzi wa kwanza: mawe yatoke, na nini kiingie

Kumshawishi mwenye tangi hakukuwa kazi. Nilimkalisha kwenye kiti kile kile kwa dakika 20. Kazi ilikuwa kuchagua mbadala, na tuliyapima manne.

Mchanga wa ufukweni. Ndio alioutaka yeye, na kikemia usingewadhuru samaki hawa, kwa kuwa vipande vya makombe na matumbawe ndani yake ni kaboneti ile ile. Niliukataa kwa sababu mbili. Vipande vya makombe vina ncha kali, na samaki anayepitisha mchanga kwenye matamvua hawezi kuepuka ncha. Ya pili ni ufukwe wenyewe. Yeyote aliyekaa Kunduchi miaka ya kutosha ameona bahari inavyokula nchi kavu. Mchanga wa ufukweni hauchotwi kiholela, hata ndoo tano.

Kokoto za rangi za dukani. Niliziondoa haraka. Rangi nyingi ni za kupakwa, na saizi yake ingerudisha tatizo lile lile.

Kuacha kioo kitupu. Wafugaji wanaozalisha samaki hufanya hivyo, na usafi wake hauna mfano, maana taka yote inaonekana na kunyonywa. Lakini kwa Xenotilapia kioo kitupu ni sawa na marumaru, na mgahawani kingeonekana kama tangi ambalo halijakamilika.

Mchanga wa mto. Ule unaouzwa kwa mafundi ujenzi Dar kama mchanga wa Mpiji kwa sehemu kubwa ni chembe za kwatzi, hauyeyuki majini wala kubadilisha pH. Kwa kuwa umesombwa na mto, kingo zake zimelainika kiasi. Rangi yake ni ya asali iliyopauka, siyo nyeupe. Hapo palikuwa na mvutano mfupi na mama, akakubali nilipoloweka gao moja kwenye bakuli la kioo na kuliweka chini ya taa. Mchanga wa mito nao una madhara yake ukichimbwa ovyo, na mmomonyoko wa Kunduchi umehusishwa pia na uchimbaji kwenye mito ya karibu. Tulinunua kwa muuzaji mwenye kibali, kiasi tunachohitaji tu.

Kabla ya kununua wingi, nilichukua kopo moja na kuufanyia majaribio matatu ambayo yeyote anaweza kuyafanya nyumbani. Nilidondosha siki juu ya mchanga mkavu: haukutoa povu, maana yake hauna kaboneti ya kutosha kubadilisha maji. Nilipitisha sumaku iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni: zilishika chembe nyeusi chache sana. Jaribio hili watu hulisahau, na pampu nyingi za tangi zina rota ya sumaku, basi mchanga wenye chembe nyingi za chuma hujikusanya humo na kuisaga. La tatu, niliuloweka siku 7 kwenye chupa ya maji niliyokwisha kuyapima, nikayapima tena. pH haikusogea.

Kuchekecha, kuosha, kuhama

Mchanga ulipita kwanza kwenye wavu wa mafundi wa plasta ili kuondoa kokoto na mizizi, kisha kwenye wavu wa mbu wa dirishani uliowambwa kwenye fremu ya mbao. Kilichopita kwenye wavu wa mbu kilikuwa chembe za milimita 1 hivi kushuka chini. Saizi hiyo inafaa kwa mdomo wa Xenotilapia, na ina faida nyingine: chembe zikikaribiana, chakula na kinyesi hubaki juu, mahali mkondo wa maji unapovisukuma kuelekea filta au mpira wa kunyonya unapovifikia.

Kuosha ndiko kulikochosha. Nusu ndoo kwa mara moja, mpira wa maji hadi chini ya ndoo, mkono unakoroga, maji machafu yanafurika juu na kubeba udongo. Kila nusu ndoo ilihitaji mara 12 hadi 15. Tulipofika nusu ya kazi giza lilikuwa limeingia, na zile za mwisho tulizipa mara 6 au 7. Niliruhusu. Gharama yake ilikuwa maji yaliyofanana na chai ya maziwa kwa siku 6 mgahawani.

Samaki walihamishiwa kwenye simtanki la lita 1,000 lililojazwa maji yao wenyewe, na filta ikaendelea kuzunguka na kuwahudumia humo. Hili halikuwa la hiari. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti na kisha nitrati walikuwa kwenye sponji na keramiki, na wengine kwenye yale marumaru tunayoyatupa. Tulitaka wa filta wasikose maji wala hewa hata kwa saa moja. Jenereta iliwekwa tayari, na umeme ulikatika kweli saa nane mchana kwa dakika 40.

Chini ya chipsi tulikuta tope jeusi la unene wa kidole. Nalikumbuka vizuri kwa sababu mama alikuwepo. Hakusema neno, alifunika pua kwa ushungi wake.

Mawe makubwa ya Julidochromis tuliyapanga moja kwa moja juu ya kioo, yakikalia shiti jembamba la povu gumu, kisha mchanga ukamwagwa kuyazunguka. Siklidi huchimba. Jiwe likiwekwa juu ya mchanga, siku moja mchanga wa chini yake utakuwa umeondolewa kinywa kwa kinywa, jiwe litaviringika, na kioo cha chini ndicho kitakacholipokea.

Uamuzi wa pili, ambao ulikuwa kosa

Mama aliniomba tandiko liwe nene, lionekane kutoka kwenye viti vya mbali. Nikakubali sentimita 10. Nilijiambia kwamba Cyathopharynx hujenga mashimo makubwa na watahitaji akiba. Hesabu yake ni hii: mita za mraba 2.25 kwa kina cha sentimita 10 ni lita 225, zaidi ya ndoo 11, na kwa kuwa lita moja ya mchanga mkavu ina uzito wa kama kilo 1.6, tuliweka takriban kilo 360 ndani ya tangi. Stendi ilikuwa imara, haikutetereka. Tatizo lilikuwa kwingine.

Wiki tatu za mwanzo niliona nilichotaka kuona. Ndani ya saa chache tu baada ya kurudishwa, Xenotilapia wote 10 waliobaki walikuwa wanachota. Siku ya nne multifasciatus walikuwa wamefukia magamba yote isipokuwa mawili. Siku ya 17 dume mkubwa alikuwa na shimo lenye kipenyo cha sentimita 35, kingo zimeinuka kama sahani, na samawati yake imerudi.

Wiki ya saba baada ya kuhama, mstari mweusi ulijitokeza nyuma ya kioo cha mbele, sentimita 6 chini ya uso wa mchanga, ukapanda polepole. Mchanga laini na mnene hauruhusu oksijeni kushuka. Bakteria wasiotumia oksijeni hutawala chini kule na kutoa haidrojeni salfaidi, yenye harufu ya yai viza. Wiki ya tisa, wakati wa kusogeza jiwe, kundi la mapovu lilipanda na harufu ikajaa ukumbini. Jioni hiyo amonia ilisoma 0.5 na Xenotilapia wawili wakafa kabla ya asubuhi.

Wengi wangeilaumu ile gesi. Mimi sikubaliani moja kwa moja. pH tulikuwa tumekwisha kuipandisha hadi 8.6, kwa njia nitakayoieleza kwenye uchambuzi, na kwa pH hiyo sehemu kubwa ya salfaidi majini hubadilika kuwa hali isiyo na sumu kali. Amonia hufanya kinyume. Kwa nyuzi 26 na pH 7, chini ya asilimia 1 ya amonia yote ndiyo iliyo katika hali ya sumu. Kwa pH 8.6 inafika karibu asilimia 20. Kipimo kile kile cha 0.5, ambacho kwenye tangi la samaki wa maji laini, yaani yenye madini machache na pH ya chini, kingepita bila kifo, hapa kilikuwa hatari ya usiku mmoja. Tope la chini lilipotibuliwa, taka iliyolala miezi miwili iliingia majini kwa mara moja.

Tulibadilisha nusu ya maji usiku ule. Kwa wiki nne zilizofuata tulipunguza mchanga kwa kunyonya ukanda mmoja kila wiki, robo ya sakafu kwa mara moja, hadi ukabaki sentimita 4, yaani lita 90 na kilo 145 hivi. Upande wa kushoto tu, mahali pa shimo la dume, tuliacha 7, maana pale yeye mwenyewe anaugeuza mchanga kila siku na hauwezi kuoza.

Matokeo baada ya mwaka mmoja

Nitrati ilikaa kati ya 20 na 30 kwa ratiba ile ile ya kubadilisha robo kila wiki. Amonia haikuonekana tena. Xenotilapia 8 waliobaki walinenepa, na jozi moja ilizaa mara mbili. Multifasciatus hatuwahesabu tena, ni wengi. Kazi ya kila Jumatatu ya kusugua mawe ilikwisha. Badala yake mtunzaji hupitisha mpira sentimita moja juu ya mchanga kwa dakika 20. Konokono wadogo wa aina ya Melanoides, waliokuja na samaki bila kualikwa, wanachimba mchanga usiku na kuugeuza. Tumewaacha.

Kilichobaki bila kutatuliwa kikamilifu ni kona ya kulia, ambako mkondo wa pampu unaufagia mchanga na kuacha kioo uchi kama kipara. Tumeelekeza mdomo wa bomba juu, kimepungua, hakijaisha.

Uchambuzi

Kosa la kwanza kabisa halikuwa marumaru. Lilikuwa mpangilio wa maswali. Tandiko lilichaguliwa kwa kuuliza mteja ataona nini, kisha samaki wakaagizwa kwa kuuliza Kigoma kuna nini, na hakuna siku maswali hayo mawili yalikaa meza moja. Swali ambalo lingeokoa wiki 11 ni jinsi kila samaki anavyotumia mdomo wake. Anayechota anahitaji chembe zinazoingia na kutoka kinywani. Anayekwangua mwani anahitaji jiwe. Anayedaka majini hajali kabisa kilicho chini. Ukijibu hilo kwa kila aina iliyo kwenye orodha, saizi ya chembe inajitaja yenyewe, na rangi inabaki kuwa suala la kuchagua ndani ya saizi hiyo.

Sababu ya kikemia iliyotumika kutetea marumaru inahitaji kufafanuliwa, kwa kuwa naisikia kila mwezi. Kalsiamu kaboneti huyeyuka maji yakiwa na tindikali au yakiwa na upungufu wa kaboneti. Maji yakishafika karibu na pH 8, kuyeyuka kunapungua hadi kuwa kama hakuna. Kwa hiyo marumaru huzuia pH isishuke sana, lakini haiwezi kuibeba hadi pale samaki wa Tanganyika walipozoea. Ndoo 9 za marumaru zilitupa 7.9. Tulifika 8.6 kwa soda ya kuokea, sodiamu baikaboneti, iliyoyeyushwa kwenye maji mapya kila wiki na kuongezwa pole pole kwa siku nyingi. Kemia ya maji iliandaliwa kwenye pipa, tandiko likaachiwa kazi yake. Kutenganisha mambo haya mawili kulikuwa uamuzi bora kuliko wote katika kisa hiki.

Kilichofanya kazi pia: kuchekecha kwa wavu wa mbu, majaribio ya siki na sumaku kabla ya kununua wingi, mawe juu ya kioo, na filta iliyoendelea kuzunguka wakati wa kuhama. Nyongeza moja tuliyoijua baadaye: mchanga ukiongezwa kwenye tangi lenye maji, shusha bomba la inchi 4 hadi chini na uumwage ndani ya bomba. Unatua palepale na maji hayachafuki sana.

Kina cha sentimita 10 kilikuwa kosa langu, na kiini chake kinafanana na cha mwenzangu wa kwanza. Nilisikia ombi la anayetazama kutoka kwenye viti, nikatafuta hoja ya samaki ya kulipamba. Hoja ya Cyathopharynx ilikuwa kweli kwa kona moja ya tangi, nami nikaitandaza sakafu nzima.

Nalihesabu kosa jingine ingawa halina kipimo. Mtu pekee mahali pale aliyewahi kuwaona samaki hawa kwao alikuwa mtunzaji wa bustani, naye alipewa brashi. Tangu kisa hiki, swali langu la kwanza nikiitwa kwenye tangi naliuliza kwa anayelisha, mwenye tangi akiwa pale pale anasikia.

Kama samaki wangekuwa wengine

Mchanga huu huu ungefaa kwa kambale wadogo wa tangini, ambao ndevu zao hukwaruzwa na kokoto zenye ncha. Kwa samaki wa maji laini wa Amazon ungefaa pia, ilimradi siki isitoe povu. Kwao marumaru au mchanga wa makombe ungekuwa kosa hata ungekuwa laini kiasi gani. Samaki wa dhahabu wanahitaji uangalifu wa saizi: kokoto za milimita 5 hadi 10 huwakwama kooni, hivyo ni ama mchanga ama mawe makubwa kuliko kinywa. Tangi la mimea mingi lingehitaji kina zaidi ya sentimita 4, na hapo mizizi ndiyo ingepeleka oksijeni chini. Tangi la maji ya bahari ni habari nyingine. Huko mchanga wa kaboneti ndio wa kawaida, nao huuzwa ukiwa umefungwa, bila kugusa ufukwe.

Zile chipsi za marumaru zilioshwa, zikaanikwa juani wiki mbili, na sasa zimezunguka mti wa mwarobaini mbele ya lango. Ukiingia unaona weupe wake kwanza.